Tusiipime klorini kwa mizani ya risasi

Novemba 2000, mji wa Washington nchini Marekani uliacha kuulinda usafi wa maji ya bomba kwa klorini pekee, ukaanza kutumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia. Nia ilikuwa njema. Klorini ikikutana na mabaki ya majani na mimea ndani ya maji huzaa trihalomethani, kemikali ambazo baadhi yake zinahusishwa na saratani. Kloramini huzizaa kwa uchache. Lakini risasi, ile metali nzito yenye sumu, ikaanza kuyeyuka kutoka kwenye mabomba ya zamani. Kumbe klorini iliyofukuzwa ndiyo iliyokuwa ikiifunga risasi ndani ya utando mgumu wa oksidi. Watu waliyanywa maji hayo hadi jambo lilipoanikwa hadharani mwaka 2004, ndipo ikaongezwa kemikali ya fosfeti kuituliza risasi.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wengi huzitia klorini na metali nzito kapu moja na kuliandika “sumu”. Mwaka 1992, tume ya pamoja ya Marekani na Kanada inayoangalia maji ya mpakani ilishauri klorini iondolewe hatua kwa hatua kama malighafi ya viwanda. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Kemikali zenye klorini ni maelfu, na ukizichunguza moja moja, kila iliyo mbaya hupata miaka ya kuzagaa kabla ya kukamatwa. PCB, kemikali za viwandani zenye klorini, zilitumika kwa miongo mingi kwenye transfoma. Mwaka 1968 zikavujia kwenye mafuta ya kupikia nchini Japani na kuwaumiza maelfu ya walaji. DDT, dawa ya kuua wadudu, ikivunjika huacha kemikali iitwayo DDE, iliyofanya maganda ya mayai ya tai na kozi kuwa membamba hata yakapasuka chini ya mama anayeatamia. Kemikali hizi hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kiasi chake huongezeka kila mnyama anapoliwa na mwingine.

Hata hivyo, kosa la hoja hiyo ni kumhukumu mzazi kwa makosa ya watoto wachache. Klorini ndiyo hiyo hiyo inayozuia kipindupindu. Watetezi wake hupenda kuitaja Peru ya 1991, ambako kipindupindu kiliwashika watu zaidi ya 300,000, wakidai wakuu waliacha kutibu maji kwa hofu ya saratani. Mimi siichukui simulizi hiyo nzima nzima: mabomba mabovu na maji taka yaliyoingia majini vilichangia sana. Lakini hata bila chumvi hiyo, kati ya saratani inayowezekana baada ya miongo na kuhara kunakoua kwa saa chache, uamuzi si mgumu.

Kwenye metali nzito msimamo wangu hugeuka. Dioksini, sumu nyingine yenye klorini, pamoja na ubaya wake wote, ni molekuli. Tanuri lenye joto kali huivunja. Risasi ni elementi. Uichome, uizike, uitupe baharini, itabaki risasi. Kinachobadilika ni mahali tu. Mwili nao huidhania kalisi na kuihifadhi mifupani, hivyo mjamzito anaweza kumpa mtoto tumboni risasi aliyoivuta yeye utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na bado petroli yenye risasi, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1920, ilikoma kuuzwa kwa magari Julai 2021 tu, Algeria ikiwa ya mwisho.

Wapinzani wa marufuku wana neno hapa pia. Betri za risasi bado zinawasha magari mengi, na wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kunasa dhahabu kwa kuwa ni rahisi na hawana mtaji wa njia nyingine. Ukiwapiga marufuku bila kuwapa mbadala, watajificha, na mvuke wa zebaki inayochomwa utahamia jikoni. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi zenye uchimbaji huo ziandae mipango ya kupunguza zebaki, nadhani kwa busara. Mkataba wa Stockholm wa 2001 nao uliibana DDT lakini ukaacha mlango kwa ajili ya mbu wa malaria. Kinachohukumiwa humo ni matumizi, jina la kemikali pekee halitoshi.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa viwanda vinavyotengeneza klorini yenyewe. Kwa miaka mingi vingi vilipitisha umeme kwenye maji ya chumvi juu ya zebaki, na zebaki hiyo ilivuja. Umoja wa Ulaya ulikomesha njia hiyo mwishoni mwa 2017. Viwanda vikahamia kwenye utando maalumu unaofanya kazi ile ile. Klorini ilibaki, zebaki ikatoka. Washington ilianza kwa kubadilisha dawa ya maji ikayaacha mabomba yenye risasi, na fosfeti iliyoongezwa baadaye haikuitoa risasi, iliifunika.