Chukua kiraka, lakini andika kimetoka wapi

Kuna miradi ambayo marekebisho yamekaa foleni miezi na miezi, hayana wa kuyaunganisha. Hitilafu inajulikana, mtu kaandika suluhisho (kiraka, yaani faili la mabadiliko ya msimbo), wengine wamelijaribu likafanya kazi, ila mtunzaji wa mradi kimya. Wewe unayeandaa kifurushi cha programu hiyo kwa watumiaji wa Linux ufanyeje? Wapo wanaosema subiri, kisichopokelewa na mradi mama, yaani wenye programu yenyewe, kisiguswe. Siafiki.

Chukua UnZip. Toleo 6.0 lilitoka 2009 na bado linasambazwa. Matundu ya usalama yaliyogunduliwa baadaye yamekuwa yakizibwa na waandaaji wa vifurushi, kila mfumo na rundo lake la viraka. Wangekaa kusubiri toleo jipya, tungekuwa tunafungua mafaili ya zip kwa programu ambayo udhaifu wake unajulikana na kila mtu.

Ila wenye woga nao wana kisa cha kukutajia. Mwaka 2006 Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, waliondoa mistari michache kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kwa sababu Valgrind, chombo cha kukagua makosa ya kumbukumbu, ilikuwa ikiilalamikia. Kumbe humo ndimo unasibu ulimokuwa ukipita kuelekea kwenye kizalishaji cha namba nasibu za kutengenezea funguo. Kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo ni namba ya mchakato, yaani uwezekano usiozidi 32,768 hivi. Funguo dhaifu za SSH, njia ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta ya mbali, ziliendelea kutengenezwa hadi jambo lilipotangazwa Mei 2008. Na swali lilikuwa limeulizwa kwa mradi mama, lisipate pingamizi! Kwa hiyo ukinigusia msimbo wa usimbaji fiche, nanywea. Hapo nangoja mwenye mradi aseme wazi.

Kwingineko, ninachodai ni maandishi. Unafungua kifurushi cha mtu unakuta faili linaitwa fix.patch, basi. Kaandika nani? Kinatibu nini? Kilipelekwa kwa wenyewe? Debian wana utaratibu uitwao DEP-3 unaotaka mambo hayo yaandikwe juu ya kiraka chenyewe. Ni mistari minne mitano tu, na atakayekurithi kifurushi hicho atakushukuru.

Usitegemee pia kiungo cha ombi la kuunganisha (pull request), lile la kutaka mabadiliko yaingizwe kwenye mradi. Kwenye GitHub, ukiongeza .patch mwishoni mwa anwani ya ombi unapata kiraka, rahisi kweli. Mwandishi akisukuma mabadiliko mengine, anwani ileile inakupa kitu kingine. Shika komiti mahususi, yaani badiliko moja lililohifadhiwa, na uweke nakala ndani ya kifurushi.

Kazi yenyewe huanza toleo jipya likitoka. Kiraka kikikataa kuingia, una bahati: faili la .rej, lenye sehemu zilizokataa, linabaki hapo, unakaa unalisoma. Kinachonitisha ni kile kinachoingia bila kelele. Programu ya patch ya GNU huvumilia mistari ya jirani isiyolingana, hivyo sharti (if) lililokusudiwa kitanzi (loop) kimoja linaweza kutua kwenye kingine, na msimbo ukajengeka vizuri tu. Uvumilivu huo mimi nauweka sifuri, kwa -F0. Heri kikatae kwa ajili ya mstari mmoja.

Na kabla ya kukinyoosha kiraka kilichokataa, angalia kwanza kama mradi mama hawajaitibu hitilafu hiyo kwa njia yao. Wakiwa wameitibu, futa chako, hata kama unaona kilikuwa kizuri zaidi.