Kihindi cha nyimbo na Kihindi cha serikali

Wapenzi wa filamu za India hupenda kusema kwamba Kihindi kilienezwa na nyimbo, si na serikali. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao, ila kuna mahali hoja hiyo inapwaya.

Katiba ya India, kifungu cha 343, ilikifanya Kihindi lugha rasmi ya serikali kuu na kukiachia Kiingereza miaka 15 tu, hadi Januari 1965. Muda ulipowadia, jimbo la Madras la kusini, ambalo sasa ni Tamil Nadu, likawaka. Wanafunzi waliingia mitaani, watu wakauawa, wengine wakajitia moto wenyewe kupinga lugha ya kaskazini kuwekwa juu ya Kitamil. Mwaka 1967 sheria ikarekebishwa ili Kiingereza kibaki.

Nyimbo zilikuwa na njia yake. Mwaka 1952 waziri wa habari, B. V. Keskar, aliyeziona nyimbo za filamu kuwa za ovyo, alizibana kwenye All India Radio, redio ya serikali. Wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon ya Colombo, Sri Lanka ya leo, kwenye kipindi cha Ameen Sayani, Binaca Geetmala. Mwaka 1957 redio ya serikali ikasalimu amri na kuanzisha idhaa ya Vividh Bharati, iliyozipiga nyimbo zile zile.

Siri ilikuwa lugha yenyewe. Kihindi cha taarifa ya habari kilijazwa maneno ya Kisanskrit, lugha ya kale ya India, mpaka wenyewe wakilalamika hawakielewi. Nyimbo nyingi ziliandikwa na washairi wa Kiurdu, ndugu wa Kihindi chenye maneno mengi ya Kiajemi na Kiarabu, akina Sahir Ludhianvi na Majrooh Sultanpuri, kwa maneno ya sokoni na ya mahaba. Mwimbaji Lata Mangeshkar, aliyelelewa katika Kimarathi, lugha ya jimbo la Maharashtra, alijitafutia mwalimu wa Kiurdu ili matamshi yake yanyooke. Mjomba wangu, fundi cherehani Tanga, alikuwa akishona huku kaseti inalia, likipita neno "duniya" au "waqt" husimamisha mguu kwenye pedeli, ananyanyua kidole: "Hilo letu hilo." Kweli ni letu, dunia na wakati, kwani sote tulichota kwa Waarabu, wao wakipitia Kiajemi.

Lakini mjomba hakuweza kuomba maji kwa Kihindi. Alihifadhi beti nzima bila kujua zinasema nini, na wako wengi kama yeye hata ndani ya India. Kwa hiyo ninaposikia kwamba nyimbo zimeeneza lugha, nauliza: zimeeneza lugha, au zimeeneza kuipenda? Kwangu la pili ndilo lenye ushahidi zaidi, na si jambo dogo.

Tena Watamil hawakushindwa na nyimbo. Annadurai na Karunanidhi, vinara wa upinzani dhidi ya Kihindi, walikuwa waandishi wa filamu za Kitamil, na chama chao, DMK, kilichukua jimbo mwaka 1967. Walikuwa na sinema yao, wimbo wa Kihindi ukaja kama mgeni. Baadaye mtunzi wa muziki A. R. Rahman, mtoto wa Madras, akaanza kuwapelekea watu wa kaskazini nyimbo alizozitunga kwanza kwa Kitamil.

Kinachonisumbua kiko kwingine. Mumbai, makao ya filamu za Kihindi, ni mji wa Kimarathi, na mwaka 2015 serikali ya Maharashtra ilibidi iingilie kati ili kumbi kubwa zionyeshe sinema za Kimarathi saa za jioni. Kibhojpuri na Kiawadhi, lugha za kaskazini mwa India, vimepunjwa zaidi. Humo mna nyimbo za harusi, za mvua, za mke anayemngojea mume aliyekwenda kutafuta maisha mbali. Filamu zimechota humo miaka yote, na neno tamu kama "piya", mpenzi, limeimbwa mara zisizohesabika. Kwenye sensa lugha hizo huhesabiwa ndani ya Kihindi. Mwanamke wa Bihar, jimbo wanakozungumza Kibhojpuri, akisikia wimbo wa bibi yake kwenye filamu, anaambiwa huo ni Kihindi. Serikali ilivikusanya kwa takwimu, nyimbo zikavikusanya kwa utamu, na kwa hili sioni namna ya kuzitetea.