Bakapu Inaijua Seva Iliyoizaa

"Kaka, faili lipo zima, lakini seva inalikataa."

Aliyeniambia hivyo ni kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi, usiku tulipohamisha mfumo wa mteja. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya hifadhidata, ilitoka kwenye SQL Server 2019, programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata, na seva tuliyokabidhiwa ilikuwa ya 2016. Kwenye skrini kosa namba 3169 lilieleza kila kitu: hifadhidata hii ilihifadhiwa na seva ya toleo la 15 (ndiyo 2019), nalo haliendani na seva hii ya toleo la 13 (ndiyo 2016). Kijana akaanza kulinakili faili upya, akidhani limeharibika njiani. Sikumcheka. Zamani nami nililinakili faili la namna hiyo mara tatu kabla sijasoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho.

Kila hifadhidata ya SQL Server hubeba namba yake ya ndani, inayoonyesha toleo la umbo lake. Ya 2016 ni 852, ya 2017 ni 869, ya 2019 ni 904, ya 2022 ni 957. Ukirejesha bakapu ya zamani kwenye seva mpya, injini, yaani programu yenyewe inayoiendesha hifadhidata, huibadilisha hatua kwa hatua hadi ifikie namba yake, kisha huiandika namba hiyo humo. Hakuna amri ya kuirudisha chini. Hata ukiambatisha mafaili ya zamani kwenye seva mpya "kujaribu tu", ukiyarudisha kwenye seva yake ya awali yatakataliwa. Wenzangu wawili walilijua hilo wakiwa hawana nakala nyingine.

Hapo ndipo mtu hukumbuka kile kinachoitwa kiwango cha utangamano. Cha 2019 ni 150, cha 2016 ni 130. Unakishusha hadi 130, unachukua bakapu nyingine, unarudi kwenye seva ya zamani ukiwa na matumaini, na unapigwa na kosa lilelile. Kwangu, jina hilo limepotosha watu wengi kuliko kosa lolote. Kiwango hicho hubadilisha namna injini inavyoelewa na kutekeleza maswali unayoiuliza. Hakigusi umbo la data kwenye diski. Ni kama kumwambia mtu aongee lahaja ya bibi yake: ataongea vizuri tu, lakini umri wake uko palepale.

Wengi hapa huwalaumu watengenezaji, kwamba wanakataa makusudi ili tununue leseni mpya. Mimi siwalaumu. Injini ya 2016 itajuaje mambo yaliyobuniwa miaka mitatu baadaye? Ingeanza kubahatisha, na data mbovu iliyoingia kimyakimya ni balaa kuliko kosa linalopiga kelele. Ninaowalaumu ni sisi tunaoiita bakapu "data". Bakapu ya namna hii ni kurasa za diski zilizochukuliwa kama zilivyolala, pamoja na majedwali ya siri ambayo injini hujiwekea yenyewe. Imefungwa kwa injini, na inasomeka kwa ridhaa ya injini.

Na msidhani njia ya kupanda iko wazi siku zote. Bakapu ya SQL Server 2000 haiingii moja kwa moja kwenye 2012. Lazima kwanza uipitishe kwenye toleo la katikati, kama 2008. Kwa hiyo anayejivunia kabati lenye bakapu za miaka ishirini, na hana pa kusimamishia injini za wakati huo, ana kabati la makufuli.

PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, nayo ina tabia hiyo. Folda ya data ya toleo kuu moja haifunguki kwenye toleo kuu jingine. Tena hesabu yake imewachanganya wengi: kutoka 9.5 kwenda 9.6 kulikuwa kubadili toleo kuu, lakini tangu 10, iliyotoka 2017, inayohesabika ni namba ya kwanza tu. Raha yake ni kwamba pg_dump, zana yake ya kutoa data, imezoeleka, nayo hutoa amri za SQL, lugha ya hifadhidata, zilizo maandishi matupu. Tumia pg_dump ya toleo jipya kutoa data kwenye seva ya zamani. Ya zamani hukataa kabisa kuzungumza na seva mpya kuliko yenyewe. Ila ukichagua umbo lake la kubana, umejirudisha kulekule, kwa sababu kasha lile nalo lina toleo lake, na pg_restore ya zamani, zana ya kulirejesha, inaweza kushindwa hata kulifungua.

Ndiyo maana nashikilia jambo ambalo wenzangu huliona la kizee: kando ya bakapu ya kawaida, weka nakala ya maandishi. Inachukua nafasi, inachelewa kurejeshwa, lakini ikigoma unaweza kuifungua na kuona mstari uliogoma.

Si kwamba maandishi hayana mitego. Ukitoa data kwenye MySQL 8.0, programu nyingine ya hifadhidata, na kuipeleka 5.7, utaambiwa utf8mb4_0900_ai_ci, jina la kanuni ya kulinganisha maneno, haijulikani. Kila mtu atakushauri ubadilishe neno hilo kwenye faili zima, uweke utf8mb4_general_ci, basi. Mara nyingi inakubali. Lakini kanuni mpya huihesabu nafasi tupu iliyo mwishoni mwa neno, na ya zamani huipuuza. Majina mawili yaliyotofautiana kwa nafasi moja tu ghafla yanakuwa jina moja, na jedwali lisiloruhusu marudio linakataa kujazwa. Nilitumia asubuhi nzima kuitafuta nafasi hiyo. Haionekani kwa macho!

Usiku ule tulisimamisha seva ya muda ya 2019, tukarejesha bakapu humo, tukatoa muundo kama skripti na majedwali makubwa kwa bcp, zana ya SQL Server ya kutoa na kupakia data kwa wingi. Upande wa pili tulizima funguo za kigeni, zile kanuni zinazofungamanisha majedwali, tukapakia, tukaziwasha tena kwa WITH CHECK. Bila maneno hayo mawili funguo huwaka lakini injini haiziamini, maana haikukagua kilichoingia zilipokuwa zimezimwa. Taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata na kutumia amri za STRING_AGG na TRIM, ambazo zilianza 2017, ziligoma, tukaziandika upya moja moja huku tukipiga miayo.

Yote hayo yangeepukwa kwa swali moja siku ya kwanza. Tuliulizwa ukubwa wa faili, tukauliza kasi ya mtandao, hakuna aliyeuliza toleo. Amri ya RESTORE HEADERONLY ingelitaja bila kurejesha chochote. Siku hizi naliandika toleo kwenye jina la faili lenyewe, mbele ya tarehe. Na mtu akiniomba nishushe data ili itoshe kwenye seva ya zamani, kwanza namuuliza kama seva haiwezi kupandishwa. Mara nyingi inaweza; shida ni aliyeizoea.

Kijana yule bado anabisha kuhusu nakala ya maandishi. Anasema hifadhidata yetu kubwa kuliko zote ingechukua saa tisa kurejeshwa hivyo. Tumekubaliana tuijaribu mwisho wa mwezi, na yeye ndiye atakayekesha.