"Faili chache tu" mlizonakili, nani anazihesabu?

Kuna sentensi inanikera kila ninapoikuta kwenye maelezo ya mradi: "Tumenakili faili chache tu za zlib ili kurahisisha ujenzi." Chache tu! Machi 2002 ilibainika kwamba zlib, maktaba ya kubana na kubanua data, huachilia eneo lilelile la kumbukumbu mara mbili, likatoka toleo 1.1.4 la kuziba dosari hiyo. Waliotegemea maktaba ya pamoja, nakala moja inayotumiwa na programu nyingi, waliibadilisha mahali pamoja, wakawasha programu upya. Waliokuwa wameimeza ndani ya programu zao walianza kupekua folda moja baada ya nyingine.

Debian, waandaaji wa mfumo wa Linux, hawakutafuta mtambo wa ajabu. Sera yao, kifungu 4.13, inataka vifurushi visitumie nakala za namna hiyo. Zinazobaki huandikwa kwenye faili moja ya maandishi, embedded-code-copies. Jina la maktaba, chini yake vifurushi vilivyoimeza, na neno la kueleza vimeimezaje: embed ni nakala kama ilivyo, modified-embed ni nakala iliyotiwa mkono. Hilo la pili ndilo la kuogopa. Nakala iliyotiwa mkono hukataa kiraka (marekebisho ya kuziba dosari), au mbaya zaidi, hukipokea mahali si pake na msimbo ukajengeka bila kulalamika. Kwa hiyo commit ya kwanza (badiliko linalohifadhiwa kwenye historia ya msimbo) iwe nakala safi, yenye namba ya toleo na anwani ilikotoka. Marekebisho yenu yaje kwenye commit ya pili. Mkichanganya, baada ya miaka mitatu hakuna atakayejua mstari upi ni wenu.

Na kama hamkuandika chochote (najua hamkuandika), zlib angalau hujitaja ndani ya programu, jina na toleo, na amri hii huyachomoa:

strings programu | grep -E '(in|de)flate 1\.'

Chini ya 1.2.12, deflate (upande wa kubana) ina dosari ya kuharibu kumbukumbu, 1.2.13 ikaziba nyingine upande wa inflate (kubanua). Ila msikurupuke: mifumo mingi ya Linux hurudisha kiraka kwenye toleo la zamani bila kubadili namba. Tena faili iliyobanwa kwa UPX, zana ya kupunguza ukubwa wa programu, haitasema kitu mpaka ifunguliwe.

Kwa dosari ya Desemba 2021 ya Log4j, maktaba ya Java ya kurekodi matukio ya programu, tafuteni JndiLookup.class, faili yenye tatizo, kwa jina la faili pekee, si njia nzima, maana wanaofungasha jar (faili moja inayobeba msimbo wa Java) hupenda kubadili majina ya vifurushi. Na amri ya unzip -l, inayoorodhesha yaliyomo, haichungulii jar iliyo ndani ya jar. Fungueni zote, hadi ya mwisho.

Xpdf, programu ya kusoma PDF, nayo ilinakiliwa hadi ndani ya CUPS, mfumo wa kuchapisha. Ndipo mwaka 2005 ikazaliwa Poppler, iwe maktaba moja ya wote.

Haya, SQLite, maktaba ya hifadhidata, wenyewe wanataka mnakili sqlite3.c, faili moja yenye mistari zaidi ya 200,000. Nakubali, shingo upande. Lakini wao wameiwekea kitambulisho: SELECT sqlite_source_id(), hurudisha tarehe na alama ya chanzo. Iendesheni leo kwenye programu yenu, muone hiyo "chache tu" ni ya mwaka gani.