CSI ilituonyesha maabara, ikatuficha daftari

Tamthilia ya CSI, ile ya televisheni ya Marekani kuhusu wapelelezi wa maabara huko Las Vegas, ilianza Oktoba 2000 ikafungwa Septemba 2015 baada ya misimu 15. Lawama dhidi yake haijaisha: kwamba iliwadanganya watazamaji kuhusu upelelezi. Lawama hiyo ina ukweli, ila inapiga kando.

Tuanze na kemia. Kwenye skrini luminoli, dawa ya kusaka damu, ikipulizwa sakafuni na kuwaka buluu, basi ni damu. Kazini, dawa hiyo huwaka pia ikikutana na jiki au shaba, kwa hiyo mwako ni fununu tu, na sampuli hupimwa upya. Kompyuta ya alama za vidole nayo haitoi sura ya mtuhumiwa; hutoa orodha ya alama zinazokaribiana, kisha mtaalamu anakaa kuzilinganisha kwa macho. (Kwa nini walizunguka na tochi nyumba ikiwa na swichi ukutani, tumwachie mwongozaji.)

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba Gil Grissom, kiongozi wa wapelelezi wa CSI, na wenzake waliokota, wakapima, wakahoji na kufuata mshukiwa, wote timu moja. Nairobi kazi hiyo hupita mikono mingi: maafisa wa eneo la tukio hupiga picha na kukusanya, mpelelezi hupeleka vielelezo kwa Mkemia wa Serikali, mchambuzi hutia sahihi ripoti. Kila kinapohama kielelezo lazima iandikwe daftarini nani kampa nani, lini, na kama muhuri ulikuwa mzima. Shati lenye damu mbichi likifungwa kwenye plastiki huota ukungu na DNA huharibika. Hukaushwa kwanza, ndipo litiwe mfuko wa khaki. Wakili wa utetezi huanzia hapo, na CSI ilipita hapo mbio.

Watetezi wa CSI wana hoja nzito. Marekani walihofu juri, yaani raia wanaoitwa kuamua kesi, ingedai sayansi kila kesi. Mwaka 2006 Jaji Donald Shelton wa Michigan alichapisha matokeo ya kuhoji watu wapatao 1,000 walioitwa kwa ajili ya juri: asilimia 46 walitarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai, lakini hakuona kuwa kutazama CSI kuliwafanya wawe wepesi wa kuachilia washtakiwa. Kwetu hofu hiyo haina hata pa kusimama. Kenya haina juri. Hakimu au jaji huamua na kuandika sababu zake.

Athari ya hapa iko kwa familia inayouliza wiki ya pili mbona majibu ya DNA hayajatoka. Iko pia mtaani, ambako umati hufika kabla ya gari la polisi na mtu mwenye huruma hufunika maiti kwa leso yake, akaiachia nyuzi na nywele za nyumbani kwake. Kama CSI ilimfundisha jirani mmoja kumshika mkono na kumwambia asubiri, basi mizani yangu inaelemea upande wa tamthilia hiyo.