Taarifa ya masaa 48 kwa polisi kabla ya maandamano iligeukaje kuwa kuomba ruhusa?

Nina kijiduka cha spea za pikipiki hapa Arusha, upande wa Kilombero, kwahiyo maandamano nayajua kutokea mlangoni kwangu. Yanaanza na kelele za mbali, alafu mama anayeuza ndizi anafunika beseni lake, bodaboda wanawasha pikipiki zote kwa mpigo, hapo ndo najua nina dakika chache za kuvuta mlango wa chuma na kupiga kufuli kwa ndani. Bomu la machozi likipigwa kwenye uchochoro halichagui, moshi unapita chini ya mlango, na kuna siku nimekaa sakafuni gizani na wateja wawili na mtoto ambaye hata kutembea bado, tumemfunika uso kwa khanga tuliyoichovya kwenye ndoo ya maji, analia mpaka sauti inakauka.

Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu ulioishia kwenye maandamano na vurugu, kila anayeingia dukani ana upande wake. Kuna wanaosema polisi waachwe wafanye kazi maana nchi ilikua inaenda kuungua, na kuna wanaosema polisi hawana hata sababu ya kuwepo barabarani siku wananchi wanaandamana. Mi nawasikiliza wote kwasababu wote ni wateja, ila nataka niseme ninachokiona baada ya kulitafakari hili jambo la polisi na maandamano muda mrefu.

Nianze na polisi maana siku hizi ukiwatetea hata kidogo unaonekana umenunuliwa. Mji wetu una kumbukumbu mbaya. Tarehe 15 Juni 2013 kwenye viwanja vya Soweto, watu wako kwenye mkutano wa chama cha upinzani cha Chadema wa kufunga kampeni za udiwani, likarushwa bomu katikati ya umati na watu wakafa. Sasa umati kama ule nani anaulinda? Anayeandamana kwa amani mwenyewe anamuhitaji askari, tena karibu, kwasababu ndani ya watu elfu wenye mabango hawakosekani ishirini waliokuja na yao. Mi nimeona vijana ambao hata madai ya siku hiyo hawayajui wanapiga mtarimbo kufuli za maduka ya simu. Na yule askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, aliyesimama juani tangu alfajiri hajala, anarushiwa mawe, naye ni mtoto wa mtu. Hayo yote ni kweli na siyafuti.

Ila sasa tuje kwenye sheria yenyewe, kwasababu hapa ndo watu wengi tunadanganyana. Katiba ibara ya 20 inampa mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo zibanwe kwa sababu kama usalama wa umma na haki za wengine, sawa. Zamani ilikua lazima upate kibali cha polisi ndo ukusanyike. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, akaenda Mahakama Kuu Dodoma, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akasema hapana, haki ya kikatiba huwezi kuifanya iwe hisani ya afisa wa polisi, mwananchi atatoa taarifa tu. Ndo maana leo sheria ya polisi, sura ya 322, kifungu cha 43, inasema unapeleka taarifa masaa 48 kabla, unataja sehemu, muda na madhumuni. Polisi akiona kuna hatari kwa amani anaweza kuzuia.

Mi hiyo taarifa naikubali kwa moyo wote. Mtu anayesema tusitoe taarifa kabisa hajawahi kuwa na mgonjwa kwenye gari anayepelekwa hospitali ya Mount Meru alafu akute barabara imefungwa. Polisi wakijua mapema wanageuza magari, wanaambia daladala zipite kwingine, na sisi wenye maduka tunajua tufungue au tusifungue.

Tatizo ni kilichotokea kwenye ile nafasi ya kuzuia. Unapeleka barua, inajibiwa kwamba "taarifa za kiintelijensia" zinaonyesha kutakua na vurugu, basi, imeisha hiyo. Huonyeshwi hizo taarifa. Huambiwi sawa msipite njia hii piteni ile, au fanyeni jumamosi badala ya jumatatu, au mkutano fanyeni ila msitembee. Kwahiyo kile alichokifuta Jaji Lugakingira kimerudi kwa mlango wa nyuma na tumekizoea mpaka wananchi wenyewe wanaulizana "wamepewa kibali?" wakati kwenye sheria kibali hakipo! Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa Juni 2016 na zuio likakaa mpaka tarehe 3 Januari 2023, miaka sita na nusu, kwa tamko la mdomo, hakuna kifungu kilichobadilishwa lilipowekwa na hakuna kilichobadilishwa lilipoondolewa.

Na kuzuia kwenyewe hakuleti huo utulivu wanaousema. Tarehe 5 Januari 2011 hapa hapa Arusha kulikua na ugomvi wa uchaguzi wa meya, maandamano ya Chadema yakapigwa marufuku, watu wakatoka hivo hivo, risasi zikapigwa, watu watatu wakafa. Najiuliza kila mwaka tarehe hiyo ikifika, wangeachiwa watembee kilomita zao mbili tatu wakiwa wamezungukwa na askari, tungezika nani?

Kuna kingine ambacho wateja wangu wengi hawakijui na nikiwaambia hawaamini. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 77 na 78, inaruhusu afisa kutoa ilani ya kutawanyika pale watu kumi na mbili au zaidi wanapofanya ghasia, na wasipotawanyika ndani ya muda wa kutosha na wakaleta ukinzani, nguvu inayohitajika inaweza kutumika, na aliyeitumia hashtakiwi kwa jinai wala kwa madai hata kama mtu ameumia au amekufa. Wanaotetea wanasema bila kinga hiyo askari ataogopa kuokoa hata duka lako. Naelewa hoja. Ila kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinasema risasi ya kuua kwa makusudi ni pale tu isipoepukika ili kuokoa uhai. Uhai, sio kufuli langu. Spea zangu nitanunua nyingine hata kwa mkopo. Yule binti mwanafunzi wa chuo aliyepigwa risasi Februari 2018 Kinondoni, Dar es Salaam, akiwa amekaa ndani ya daladala wakati polisi wanatawanya waandamanaji hata hakua anaandamana, na alizikwa huku kwetu kaskazini, Rombo mkoani Kilimanjaro.

Sasa likitokea la hivo unalalamika wapi? Polisi ndo aliyepokea barua, ndo aliyezuia, ndo aliyepiga, na mara nyingi ndo anayechunguza. Wenzetu Kenya wana mamlaka huru ya kusimamia polisi, ipo kwa sheria ya 2011, na bado Juni 2024 vijana walikufa Nairobi, kwahiyo siwadanganyi kwamba chombo peke yake kinatosha. Ila angalau mzazi ana mlango wa kugonga ambao aliyeufungua havai sare ile ile. Na sisi wa Arusha linatuuma zaidi kwasababu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu makao yake ni hapa hapa, na mtu wa mtaa wa Ngarenaro hapa mjini hawezi kupeleka kesi yake huko moja kwa moja, serikali iliondoa ridhaa iliyokua inaruhusu hilo mwaka 2019 na kuondoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Hiyo ridhaa irudishwe, naisema bila kumung'unya.

Mpwa wangu anaendesha boda. Kuna kipindi cha vurugu alikamatwa kijiweni, amekaa juu ya pikipiki anasubiri abiria, akapandishwa kwenye difenda, gari la polisi, na wenzake wanne. Nilienda kituo kimoja na chakula kwenye hotpoti, nikamsalimia kijana wa kaunta, habari ya kazi afande, namtafuta mtoto wa dada yangu. Akaniambia "mzee, majina hatujaandika bado, subiri nje". Nimesubiri nje siku nne, chakula nagawia walinzi wa jirani. Sheria inasema kwa makosa yasiyo ya kunyongwa, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya masaa 24, suala la dhamana liangaliwe, lakini hayo masaa unayahesabu kutokea wapi kama jina halijaandikwa?

Siku ya tano akatoka saa kumi na moja jioni, anachechemea, bila viatu. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Tulipotaka kulalamika tukaulizwa kwanza ushahidi kwamba alikuwepo humo ndani, na karatasi hakuna, mpaka leo hana hata mstari mmoja unaoonyesha zile siku nne alikua wapi.