Mafuta ya Kula Hupimwa Tangu Kwenye Dumu

Asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru, dumu la lita 20 la mafuta ya mawese yaliyosafishwa kiwandani huwa na tabaka mbili. Juu yako mafuta majimaji yanayong'aa, chini kumetuama uji mweupe uliokataa kumiminika. Mtu akija na chupa yake, akainamisha dumu, akajaza ya juu na kubandika lebo, kipimo kimeshaharibika kabla gari halijafika maabara. Kinachoganda ni ile sehemu yenye asidi ya palmitiki nyingi, moja ya asidi zinazounda mafuta. Viwandani sehemu hizi zikitenganishwa kabisa, kiwango cha mafuta ya mimea cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, huipa stearini, ile ngumu, asidi ya palmitiki ya asilimia 48 hadi 74, na oleini, ile majimaji, 38 hadi 43.5. Kilichobaki chini ya dumu hakuna mashine itakayokirudisha.

Ninaanza hapo kwa sababu kila inapozuka hofu ya vyakula vyenye sumu, mjadala wetu hukimbilia mashine: maabara fulani haina spektrometa ya masi, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa vipande vyake, tuinunue, mambo yatakaa sawa. Ninaipenda mashine hiyo na ninajua inaweza nini. Ila kwa mafuta ya kula, fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye uchotaji wa sampuli, kwenye standadi za rejea, yaani kemikali za kulinganishia ambazo kiasi chake kinajulikana, na kwenye kumfundisha mtu anayeshika pipeti. Ya pili ningenunulia kromatografu ya gesi ya kawaida, ile inayotenganisha kemikali moja moja ndani ya mrija mwembamba uitwao kolamu. Spektrometa ningeiweka ya tatu.

Uchotaji wenyewe si mgumu, unataka subira tu. Dumu zima liwekwe kwenye maji ya moto mpaka mafuta yafike nyuzi 50 hadi 60 na pasibaki hata chembe iliyoganda. Ligeuzwe-geuzwe, kisha ichotwe sehemu ya juu, ya kati na ya chini, zichanganywe. Chupa iwe ya kioo cha kahawia, ijazwe hadi shingoni ili hewa isibaki, na kizibo kisiwe cha plastiki laini. Sababu ya kuikimbia plastiki nitaifikia.

Sasa swali la sokoni: haya yanayoitwa mafuta ya alizeti ni alizeti kweli? Hapa spektrometa haihitajiki kabisa. Kromatografu ya gesi yenye ditekta ya mwali, ile inayochoma kila kinachotoka kwenye kolamu ndani ya moto wa haidrojeni na kuhesabu chaji zinazozaliwa, inatosha. Pima gramu 0.1 ya mafuta, ongeza mililita 2 za heptani, tikisa hadi yayeyuke, weka mililita 0.2 za potasiamu haidroksaidi ya molari 2 iliyo kwenye methanoli, tikisa kwa nguvu sekunde 30, acha itulie. Safu ya juu ndiyo yenye esta za methili, yaani asidi za mafuta zilizogeuzwa ili ziweze kuwa mvuke. Mikrolita moja inatosha kudungwa kwenye kolamu ya sianopropili ya mita 60.

Kisha tazama kilele cha palmitiki, ule mlima ambao mashine inauchorea kila kemikali. Codex huipa alizeti ya kawaida asilimia 5.0 hadi 7.6. Chukua alizeti yenye 6.5, uichanganye na oleini ya mawese yenye 40, sehemu nane kwa mbili: inakuwa 13.2. Kilele kinaruka, hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza atakiona. Ukichanganya asilimia 3 tu unapata 7.5, bado ndani ya mipaka, kwa hiyo kipimo hiki hakimkamati mchanganyaji mdogo. Lakini nani atajisumbua kuchakachua kwa asilimia 3? Faida haipo.

Anayesoma matokeo asikimbilie kuhukumu kwa asidi ya oleiki. Kuna mbegu za alizeti zilizozalishwa ziwe na oleiki nyingi, 75 hadi 90.7, na mafuta yake ni alizeti halali japo linoleiki imeporomoka. Ndiyo maana palmitiki ni shahidi mzuri zaidi: kwenye mbegu hizo inashuka, haipandi. Na kwa mafuta ya nazi usitegemee asidi ya loriki hata kidogo. Nazi ina 45 hadi 53, mafuta ya mise ya Kigoma, yaani ya kiini cha mbegu ya mchikichi, yana kiasi hicho hicho. Yanatofautiana kwenye oleiki, nazi 5 hadi 10 na mise 12 hadi 19, na kwenye asidi fupi ya kaboni nane ambayo nazi inayo zaidi.

Njia hii ya baridi ina adui mmoja, asidi huru. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo na kukaa, au mawese mekundu ambayo Codex huyaruhusu kufika miligramu 10 za potasiamu haidroksaidi kwa gramu, yana asidi ambazo zimeshajitenga na gliseroli. Zikikutana na alkali zinakuwa sabuni, esta hazitokei. Sabuni inabaki chini, mchanganyiko unapiga povu, safu hazitengani, na hesabu ya asilimia inatoka bila hizo asidi. Kwa hiyo pima asidi kwanza kwa bureti. Ikiwa juu, tumia njia ya kuchemsha na boroni trifloridi. Samli nayo ina lake. Esta ya asidi ya butiriki, ambayo ndiyo alama ya samli halisi, ni nyepesi mno, na yeyote anayekausha kimiminika kwa naitrojeni ili kukikoleza anaipeperusha hewani, halafu anaandika kwamba samli ni bandia.

Spektrometa ya masi inapata kazi yake halali pale swali linapohusu vitu vya mikrogramu. Mfano ninaoutolea uzito ni esta za 3-MCPD na esta za glisidili, kemikali mbili chafuzi za mafuta yaliyosafishwa. Haviwekwi na mtu, vinazaliwa kiwandani wakati wa kuondoa harufu, mafuta yanapopashwa mpaka kupita nyuzi 200. Esta za 3-MCPD zinahitaji klorini, nayo huja tangu shambani kwa mbolea ya kloridi, kwa maji, au kwa udongo wa kung'arishia ulioamshwa kwa asidi ya kloridi. Esta za glisidili huongezeka kwa kasi joto likizidi nyuzi 230, na malighafi yake ni digliseridi, yaani mafuta yaliyopoteza asidi moja kati ya tatu, ambazo hujaa kwenye mawese ambayo matunda yake yalipondeka na kukaa siku nyingi kabla ya kukamuliwa. Ndiyo kusema mawese mekundu ya Kigoma ambayo hayajapita huko hayana sababu ya kuwa na tatizo hili, na alizeti ya kuchuja ya Singida vilevile. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka glisidoli, inayotoka esta za glisidili zikivunjika, kundi la 2A (huenda inasababisha saratani kwa binadamu) na 3-MCPD kundi la 2B (inawezekana, kwa ushahidi mdogo zaidi). Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa mikrogramu 1,000 za glisidoli kwa kilo ya mafuta ya mimea yanayomfikia mlaji, na kwa 3-MCPD 1,250 au 2,500 kutegemea aina ya mafuta. Mawese yako kwenye 2,500.

AOCS, jumuiya ya Marekani ya wakemia wa mafuta, ina njia kadhaa za kupima, na hapa ndipo maabara nyingi huchagua kwa haraka badala ya kwa hesabu. Njia fupi, Cd 29c, hutumia alkali kwa dakika chache kwenye sehemu mbili za sampuli. Sehemu ya kwanza huzimwa kwa chumvi yenye kloridi, hivyo glisidoli inageuka 3-MCPD. Ya pili huzimwa kwa chumvi isiyo na kloridi. Unatoa moja kwa nyingine, unazidisha kwa kigezo cha kalibresheni, ambacho kinadharia ni 0.67, unapata glisidoli. Tuseme ya kwanza imetoka miligramu 3.0 kwa kilo na ya pili 2.6, kila moja ikiwa na shaka ya asilimia 10. Tofauti ni 0.4, na shaka ya tofauti hiyo ni 0.4 pia. Namba imemezwa na shaka yake. Isitoshe, alkali ikikaa kupita muda wake inaanza kuigeuza 3-MCPD yenyewe kuwa glisidoli, kwa hiyo sekunde lazima zihesabiwe.

Kwa maabara yenye sampuli chache kwa wiki ningechagua Cd 29a bila kusita. Unageuza glisidili kwa bromidi kwenye nyuzi 50 kwa dakika 15, kisha unaacha asidi na methanoli vifanye kazi kwa saa 16 kwenye nyuzi 40. Ni usiku mzima, lakini asubuhi viwili vyote viko kwenye chupa moja na kila kimoja kina kilele chake, hakuna kutoa. Mwisho ni asidi ya fenilboroniki, kisha kromatografu ya gesi na spektrometa, ambayo hutafuta ioni, yaani vipande vyenye chaji, kwa uzito wake: ioni 147 na 196 kwa 3-MCPD, 150 na 201 kwa ile yenye deuteriamu (haidrojeni nzito) tano, 147 na 240 kwa ile ya bromidi.

Standadi ya ndani, ile kemikali ya kiasi kinachojulikana inayotiwa kwenye sampuli ili kulinganishia, iingie mwanzoni kabisa, tena iwe esta yenye deuteriamu. Wapo wanaonunua 3-MCPD huru yenye deuteriamu kwa kuwa ni rahisi, na hapo wanajidanganya. Ile huru haina haja ya kuvunjwa. Esta za kwenye mafuta zikivunjika nusu tu, standadi haitajua, matokeo yatasoma nusu ya ukweli na kila kilele kitapendeza macho. Fenilboroniki iliyozidi nayo huganda kwenye injekta na kuchafua chanzo cha ioni. Mwite mtu asafishe kabla hisia ya mashine haijashuka.

Nilisema nitarudi kwenye plastiki. Ukiona kilele kikubwa cha ioni 149, usitangaze kwamba mafuta yana thalati, kemikali za kulainishia plastiki, mpaka uendeshe sampuli tupu, yaani viyeyushi vyote na hatua zote bila mafuta. Mara nyingi 149 imetoka kwenye glavu, kizibo au mrija. Ioni 207 na 281 ni kolamu yenyewe inayovuja silikoni. Sampuli tupu ni saa chache za kazi, na inamwokoa mfanyabiashara asifungiwe ghala kwa kosa la glavu.

Anayedhani haya ni mambo ya wataalamu tu akumbuke Hispania mwaka 1981. Mafuta ya rapa yaliyotiwa anilini kwa matumizi ya viwandani yalisafishwa tena na kuuzwa mitaani kama mafuta ya kula. Watu wapatao 20,000 waliugua na zaidi ya 300 walikufa. Wakemia waliochambua mafuta yale walipata anilidi za asidi za mafuta na esta za anilini na gliseroli, lakini hadi leo haijathibitishwa ni kipi hasa kilichoua.

Ripoti ya mafuta ninayoweza kuiamini inaonyesha dumu lilipashwa au halikupashwa, standadi gani ya ndani iliingia na lini, sampuli tupu ilisoma ngapi, kiasi kinachojulikana kilichotiwa makusudi kilirudi kwa asilimia ngapi, na shaka ya matokeo ni kiasi gani. Ikikosa hayo, mzalishaji ana haki ya kuikataa, na mkaguzi asiitumie kumfungia. Na siku ya kuchota zijazwe chupa mbili, moja ibaki imefungwa kwa lakiri kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani, mpaka muda wa kupinga uishe. Mgogoro ukizuka, hiyo ndiyo itafunguliwa mbele ya pande zote mbili, na kabla pipeti haijaigusa ipashwe moto mpaka iyeyuke yote.